Fundi amekataa kunifungia rimu za theluji zisizo na sensa za upepo. Je, nazihitaji kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Ninaishi Brooklyn Park, Minnesota, na hii itakuwa baridi yangu ya pili huku. Nina Toyota RAV4 Limited ya 2016, yenye matairi ya 235/55R18. Mwaka jana niliteleza kwenye taa za barabarani nikapita katikati ya makutano huku nimekanyaga breki hadi mwisho. Mungu alinisaidia, hapakuwa na gari upande wa pili. Safari hii nimejiandaa: nimenunua kwa mtu rimu nne za chuma za inchi 17 zikiwa na matairi ya theluji ya 225/65R17. Nikazipeleka gereji wanifungie. Wakapitisha kifaa chao, wakasema rimu hazina sensa za upepo, yaani vidude vya kupima upepo ndani ya tairi, na hawawezi kuzifunga mpaka ninunue sensa nne. Rafiki yangu anasema hiyo ni njia ya kunila hela tu, nifunge mwenyewe nyumbani na ile taa ya dashibodi inayoonya upepo ukipungua niizibe kwa plasta. Gari nililoacha Arusha, Toyota iliyotoka Japani, halikuwa hata na taa hiyo. Nazihitaji kweli? Na kama ndiyo, ninunue zipi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mkasa wa mwaka jana, na hongera kwa kununua matairi ya theluji kabla theluji haijaanguka.

Nianze na gereji, maana huenda umeshawawekea kinyongo. Hawakutaka kukuibia. Mwaka 2000, baada ya ajali nyingi za magari ya Ford Explorer yaliyopasukiwa matairi ya Firestone, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyoleta mifumo hii ya kumwonya dereva upepo unapopungua. Tangu Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa nchini humo lazima liwe nao. Sheria ya usalama wa magari ya huko inaikataza gereji kuzima kwa makusudi kifaa cha usalama kilichokuwa kinafanya kazi gari lilipoingia. Kama sensa zako zilikuwa nzima ulipofika, na wao wakakutoa na rimu zisizo na sensa, kosa ni lao. Wewe mwenye gari hukatazwi kufunga rimu hizo nyumbani kwako, na hapo rafiki yako yuko sahihi. Ninachokipinga ni plasta.

Baridi hula upepo wa tairi. Hewa ikipoa hujikunyata, na kanuni tunayotembea nayo gereji ni kwamba kila joto likishuka nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, tairi hupoteza kama PSI 1 (PSI ni kipimo cha upepo wa tairi). Chukua tairi uliyoijaza 33 ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20. Iegeshe nje usiku wa nyuzi 20 chini ya sifuri, asubuhi utakuta kama 26 na nusu. Baridi ikifika 30 chini ya sifuri, utakuta karibu 25, na hakuna msumari wala pancha yoyote. Baridi ya namna hiyo unaijua au utaijua: Januari 2019 Minneapolis ilifika nyuzi 33 chini ya sifuri. Sasa angalia: taa ya dashibodi inatakiwa kuwaka upepo ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha kiwandani. Kwa 33, hiyo ni kama 24 na robo tatu. Ndiyo maana asubuhi ya baridi kali mtaa mzima huamka na taa zimewaka. Lakini ina maana pia kwamba unaweza kuendesha wiki nzima ukiwa na 26, taa haijawaka, na tairi limelegea pale unapolitegemea zaidi. Taa hiyo ni king'ora cha mwisho. Haichukui nafasi ya kipimo cha mkononi.

Miaka kadhaa nyuma aliletwa kwangu mama mmoja na gari lake, taa imewaka tangu Novemba. Rimu zake za theluji hazikuwa na sensa, kwa hiyo kwake taa ilikuwa kitu cha kila siku, kama redio. Tulikuwa mwezi wa pili. Alikuja kwa sababu gari lilikuwa linamvuta kulia. Nikapima tairi la nyuma kulia: 11. Kwa nje lilionekana limekaa vizuri tu, maana matairi ya siku hizi yana mbavu ngumu na theluji inaficha tumbo lake. Nilipolivua kwenye rimu, ukatoka unga mweusi, laini kama masizi ya chungu, kiganja kizima. Huo ni mpira wa ndani ya tairi uliokuwa ukijisaga wenyewe kila gurudumu lilipozunguka. Ukuta wake ulikuwa umebaki nyuzi. Skrubu iliyosababisha yote haikuzidi urefu wa ukucha. Alikuwa akiwapeleka wanawe shule kila siku kwenye barabara kuu na tairi lile. Tangu siku hiyo sishauri mtu azibe taa.

Basi, nunua sensa. Lakini nunua kwa akili, maana hapa ndipo watu wengi hutupa hela.

RAV4 yako ina sensa halisi ndani ya kila gurudumu, zimefungwa kwenye valvu, zina betri na redio ndogo. Kila sensa ina namba yake, na kompyuta ya gari inazijua namba zile nne tu zilizosajiliwa. Ukifunga rimu zenye sensa mpya, gari lako halitazitambua lenyewe hata uendeshe mpaka Chicago. Lazima mtu achomeke mashine kwenye tundu lililo chini ya dashibodi aandike namba mpya, kisha mwezi wa nne, ukirudisha matairi ya kiangazi, aandike tena zile za zamani. Kila mara unalipa.

Njia ninayoipenda ni nyingine. Waombe sensa tupu za kuprogramiwa za mawimbi ya megahezi 315, kisha wanakili kwenye hizo namba zilezile za sensa zako za kiangazi. Kifaa kinasoma sensa ya zamani, kinaiandika mpya iwe na namba hiyohiyo, na gari halijui kama umebadilisha kitu. Ukishafanya hivyo mara moja, unaweza kubadilisha magurudumu mwenyewe uani kila msimu. Sensa za aina hiyo mara nyingi hukaa kati ya dola 30 na 60 kila moja.

Na hili lifanye mapema: gari lako ni la 2016, na betri za sensa hudumu miaka 5 hadi 10. Hazibadilishwi, zimezibwa ndani ya plastiki. Kama sensa za kiangazi ni zile ambazo gari lilitoka nazo kiwandani, zinakaribia kuzimika, na sensa iliyokufa haisomeki. Zisomwe sasa zikiwa hai, na mwambie fundi akuandikie namba zote nne kwenye karatasi, uiweke ndani ya kitabu cha gari. Moja ikifa baadaye, inanunuliwa tupu na kuandikwa namba yake, kazi imekwisha. Tahadhari moja tu: seti isiyotumika usiibebe ndani ya gari wala kuiegemeza karibu na unapoegesha. Ihifadhi ghorofa ya chini ya nyumba, ili sensa mbili zenye namba moja zisisikike kwa pamoja.

Ukikutana na kitufe kilichoandikwa SET, ambacho Toyota nyingi za miaka hiyo wamekificha chini ya usukani au ndani ya kisanduku cha dashibodi, usikigeuze dawa ya kila kitu. Hakisajili namba. Kinaliambia gari kwamba upepo uliopo sasa ndio wa kawaida. Ukikibonyeza huku tairi lina 22, umelifundisha gari lako kuridhika na 22. Jaza kwanza kwa kiwango cha kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, ndipo ubonyeze. Kuhusu taa yenyewe: ikiwaka na kubaki imetulia, pima upepo. Ikipepesa kwa dakika moja au zaidi kidogo ndipo itulie, mfumo una hitilafu au sensa haisikiki.

Valvu nazo. Hapo Minnesota barabara zinamwagwa chumvi majira yote ya baridi, na chumvi hula valvu za alumini. Nimeshika kifuniko cha valvu ili niongeze upepo, kikaja mkononi na kipande cha valvu ndani yake, tairi likalia "fyuuu" mpaka chini. Kwa rimu zako za chuma omba sensa zenye valvu ya mpira, na vifuniko viwe vya plastiki. Na kabla fundi hajagusa tairi mwambie aangalie sensa ilipo, meno ya mashine ya kuvulia tairi yasiivunje. Sensa nyingi hufia hapo hapo.

Sasa rimu ulizonunua. Saizi usiwe na hofu nayo: Toyota wenyewe waliuza RAV4 hiyohiyo, LE na XLE, ikiwa na 225/65R17. Tairi lote ni kubwa kuliko lako kwa takriban milimita 9 tu, na wembamba wake ni faida, linachimba theluji badala ya kuelea juu yake. Angalia kwamba rimu ina matundu matano ya nati yaliyo kwenye duara la milimita 114.3, na tundu la katikati ni milimita 60.1 au limewekewa pete ya kulijaza, la sivyo usukani utatetemeka. Kisha nati. Hapa wengi hukosea. Nati za rimu za alumini za Toyota mara nyingi zina shingo ndefu na washa (kipete) bapa. Rimu za chuma zinataka nati zenye kichwa cha koni kinachokaa ndani ya tundu. Ukitumia za alumini kwenye chuma zitaonekana zimekaza, lakini hazijashika mahali pake. Seti ya nati za koni, M12x1.5, haina gharama kubwa, nunua leo.

Geuza tairi ubavuni utafute alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Herufi M+S peke yake hazitoshi, hata matairi ya misimu yote huwa nazo. Tafuta pia tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Mpira wa theluji hupendwa kwa ulaini wake, ndio unaoshika barabara joto likishuka chini ya nyuzi 7 ambapo mpira wa kiangazi huanza kukakamaa. Ukizeeka hukauka, na hapo hata kashata (vinundu vya tairi vinavyoshika barabara) ikiwa ndefu haikusaidii. Kashata ikipungua chini ya milimita 4, sitaki uyategemee kwenye theluji. Na funga yote manne. Ukifunga mawili ya mbele tu, utashika breki vizuri mbele na nyuma ya gari itakupita.

Kwa wasomaji wengine watakaouliza: Honda nyingi za karibuni na baadhi ya Volkswagen hazina sensa ndani ya magurudumu. Zinahesabu mzunguko wa gurudumu kupitia ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu kujifunga, hivyo hamhitaji kununua chochote, ila kuuanzisha upya mfumo wa upepo baada ya kubadilisha matairi na kujaza upepo. Walioko Québec, kwenu matairi ya theluji ni lazima kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Na ndugu wa nyumbani mnaopokea magari ya Japani yenye matairi yaliyoandikwa STUDLESS, hayo ni ya theluji. Kwenye lami ya Dodoma saa saba mchana yanalainika na kuisha upesi, na breki inaongezeka urefu. Badilisheni.

Tukirudi kwako, mdogo wangu: siku ya kufunga, kaza nati kwa mkono kwanza, kwa mtindo wa nyota, gari likiwa bado kwenye jeki, kisha lishushe umalizie kwa spana ya kipimo, futi-pauni 76. Endesha kilomita 80 hadi 100, rudi uzikaze tena kwa kipimo kilekile, maana rimu za chuma hukaa vizuri baada ya kutembea kidogo. Upepo upime asubuhi kabla hujaondoka, matairi yakiwa baridi, na ujaze nje hapohapo kwenye baridi utakayoiendeshea. Piga simu gereji wiki hii uulize kama wana kifaa cha kunakili sensa za Toyota. Theluji ya kwanza ikishaanguka, foleni huwa ya wiki mbili.