Maswali ya Wasomaji: Albamu ya Kwanza ya Metallica

Swali: Ndugu Mhariri, kaka yangu huisifu mno Kill 'Em All ya Metallica, kile kikundi cha Marekani cha muziki mzito wa metali, lakini mimi husikia makelele matupu. Niisikilize vipi? (Msomaji, Jinja)

Jibu: Ndugu msomaji, anza na mkono wa kulia wa James Hetfield, kwa maana ndio roho ya albamu hiyo: mara nyingi huzipiga nyuzi kwa kushuka tu, kwa kasi, huku akizizima kwa kiganja, hata gita likawa kama ngoma ya pili. Kikundi kiliirekodi Rochester, New York, mwezi Mei 1983, muda mfupi baada ya kumfukuza mpiga gita wake Dave Mustaine, aliyeshiriki kutunga nyimbo 4 kati ya 10, na kumchukua Kirk Hammett kutoka kikundi cha Exodus ashike nafasi yake. Ilitoka Julai mwaka huohuo. Sauti yake ni kavu, nami naipenda hivyo.

Kisha tulia kwenye wimbo wa 5, ambapo Cliff Burton analiimbisha gita la besi peke yake, kwa sauti ya kukwaruza, kabla Lars Ulrich hajaingia na ngoma zake. Kama umewahi kuisikiliza adungu kubwa, kinubi cha Uganda, ile yenye nyuzi nene, ikizungumza chini ya wenzake, hutapata taabu kumwelewa.