Kila Tukibishana na Mume Wangu Nashindwa Mimi, Shangazi Nisaidie

"Shangazi shikamoo. Mume wangu alimkopesha mdogo wake akiba yetu yote bila kuniambia, nimekuja kugundua mwenyewe. Nikimuuliza ananijibu kwani wewe si ulinunua simu bila kunishirikisha, basi naanza kujieleza mpaka inakuwa kesi yangu. Nikirudia tena anasema kwa hiyo unataka ndugu yangu aadhirike. Juzi kaniambia ukoo mzima unajua nina gubu. Tangu apate rafiki mpya kazini ndo kawa hivi, huyo rafiki ndo anamharibu. Wanaume wote ni wale wale, samaki mmoja akioza wote wameoza. Nimechoka, ama aniheshimu ama tuachane. Au mimi ndo mjinga Shangazi, mbona kila siku nashindwa?"

Marahaba mwanangu. Wewe sio mjinga hata kidogo, hilo liondoe kichwani leo leo. Hushindwi kwa sababu huna hoja, unashindwa kwa sababu unaingia na swali moja na unatoka umejibu swali lingine kabisa. Ulienda kuuliza akiba imeenda wapi na inarudi lini, ukaishia kutetea simu, na wakati unaitetea hiyo simu hakuna hata mmoja kati yenu aliyekumbuka kwamba swali la akiba bado halijajibiwa.

Hili jambo watu wameliona zamani sana. Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita aliorodhesha aina 13 za hoja za uongo zinazovaa sura ya ukweli, alafu akasema zote ukizichambua vizuri unaweza kuzirudisha kwenye kosa moja tu, la watu kupoteza kile hasa kilichotakiwa kuthibitishwa. Hapo ndo penye shida yako.

Tuanze na hiyo ya simu maana ndo inakuumiza zaidi. Anachofanya ni kukujibu "mbona na wewe pia ulifanya". Inauma kwa sababu ina ukweli ndani yake, simu kweli ulinunua, ndo maana unajikuta unajieleza. Lakini hata kama ulikosea kwenye simu, kosa lako halifanyi lake kuwa sahihi, yanakuwa makosa mawili na kila moja linadai majibu yake. Kwa hiyo usikatae wala usijitetee, mwambie "la simu nakubali, kesho tukae tuliongee, leo naomba tumalize la akiba". Maneno hayo hayo, kwa sauti ya chini. Najua ni magumu kuyasema ukiwa na hasira ila mwanangu yafanyie mazoezi hata ukiwa peke yako chumbani.

Ile ya ndugu yangu aadhirike ni nyingine. Wewe hukusema hivyo, sivyo? Ulisema ungeambiwa. Yeye kachukua maneno yako kayageuza yakawa mabaya zaidi ili iwe rahisi kuyapinga, na ukianza kujibu "sitaki aadhirike mimi nampenda shemeji" umeshakubali kujadili kitu ambacho hukukisema. Rudia neno lako kama lilivyokuwa. "Sijasema asisaidiwe, nimesema ningeshirikishwa."

Na hilo la gubu la ukoo mzima wala usipoteze muda nalo, hapo kakugusa wewe kaiacha hoja, na hata ukoo wote ukubaliane kwamba una gubu bado haituambii akiba iko wapi.

Sasa naomba unisikilize vizuri maana hapa nitakuwa mkali kidogo na ni kwa sababu nakupenda. Barua yako na yenyewe inayo haya haya. Unasema tangu apate rafiki mpya ndo kabadilika, kwa hiyo rafiki ndo chanzo. Jambo kutangulia lingine sio ushahidi kwamba limelisababisha, inawezekana mdogo wake alikuja na shida wiki hiyo hiyo, inawezekana anaona aibu tu kukwambia. Hujui, muulize. Alafu hiyo methali ya samaki, methali zetu ni tamu ila watu tunazitumia kufunga mjadala, mtu akishaitamka kila mtu ananyamaza kama vile imethibitishwa. Mume mmoja kuficha jambo moja hakutuambii chochote kuhusu wanaume wote. Na hiyo ama aniheshimu ama tuachane, kwani katikati hapo hakuna kitu? Kuna kukaa chini, kuna kumuita mkubwa mnayemuamini wote wawili, kuna kukubaliana kwamba kuanzia sasa pesa ya akiba haitoki bila wote kujua. Usijifungie kwenye njia mbili wakati ziko nyingi.

Kitu kingine, usiende kumrushia haya niliyokufundisha, eti "hapo umetumia hoja potofu". Mtu akiambiwa hivyo anaona anadharauliwa na hatasikia lolote. Tena mtu anaweza kujenga hoja vibaya na bado akawa na jambo la kweli, labda mdogo wake kweli alikuwa kwenye hali mbaya na labda hata wewe ungekubali apewe hiyo pesa. Sikiliza hilo nalo.

Kwa hiyo fanya hivi. Subiri siku ametulia, usianze usiku wala akiwa anatoka. Andika kwenye karatasi maswali mawili tu, akiba yetu inarudi lini, na kwa nini hukuniambia. Ishike hiyo karatasi mkononi. Akienda pembeni msikilize mpaka amalize, usimkatize, alafu rudi kwenye karatasi. Akijibu la kwanza vizuri, mshukuru kabla hujamuuliza la pili.