Zamu ya chama imefika, kodi inadaiwa, na kanisani wanasema panda yote

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nauza mboga Kayole. Mume wangu ni fundi wa mjengo na kazi imekatika tangu mwaka uanze. Tunadaiwa kodi ya miezi miwili, Sh13,000, na kijana wetu wa Kidato cha Tatu amerudishwa nyumbani kwa karo ya Sh9,000. Wiki hii zamu yangu imefika katika chama chetu cha kuchangiana pesa, nimepokea Sh18,000. Kanisani tumeambiwa anayemwamini Mungu apande mbegu, yaani atoe sadaka, yote aliyo nayo, atafunguliwa milango. Mume wangu hataki kusikia hilo, anataka tuongeze na mkopo wa simu tumalize madeni yote. Naogopa nikilipa kodi nitakuwa nimeonyesha simtegemei Mungu. Hali yetu hakuna anayeijua, hata akina mama wa kanisa. Nifanye nini?*

Marahaba, mwanangu. Lipa kodi. Nimeanza na hilo kwa sababu pesa ikikaa kwa simu wiki nzima hapa Nairobi, itapata kazi nyingine.

Umekuwa ukimwomba Mungu riziki, na zamu yako imeangukia wiki ile ile ambayo mwenye nyumba anagonga mlango. Mimi ninaliona hilo kuwa jibu. Kulipokea na kulitumia kwa kile ulichokuwa ukikililia ni imani kamili, usiruhusu mtu akutie hatia kwa hilo.

Ile ahadi ya Wafilipi 4:19, kwamba Mungu atatujaza kila tunachohitaji, Mtume Paulo aliiandika akiwa kifungoni. Mistari michache juu yake anasema amejifunza kushiba na kuona njaa pia. Na barua yenyewe ni ya shukrani: Wafilipi walikuwa wamemchangia, wakamtuma Epafrodito ampelekee. Riziki ya Paulo ilikuja kwa miguu, imebebwa na mtu aliyejua kwamba ndugu yake amepungukiwa. Hapo ndipo ninapopata wasiwasi na barua yako, mwanangu. Wewe umeomba, lakini umehakikisha hakuna binadamu anayejua.

Soma 2 Wafalme 4 usiku wa leo. Mjane anadaiwa, mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Anaambiwa aende kwa majirani aazime vyombo vitupu, tena visiwe vichache. Fikiria mama huyo akipita mlango kwa mlango, kila jirani akimtazama na kujua kwake mambo si mazuri. Mafuta yalimiminika mpaka mwanawe akasema hakuna chombo kingine, ndipo yakakoma. Kisha Elisha akamwambia auze, alipe deni, na kinachobaki waishi nacho. Angeona haya kubisha hodi, angejaza vyombo vingapi?

Kwa hiyo anza kubisha. Mwenye nyumba mpelekee Sh8,000 mkononi kabla hajakuja, umwambie salio utalilipa lini, na uitaje tarehe unayoweza kuitimiza. Shuleni nenda na kijana mwenyewe, na Sh5,000, umwone mwalimu mkuu, uombe kulipa salio kidogo kidogo. Ulizia pia basari ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, katika ofisi ya Embakasi ya Kati, na ile ya kaunti. Fomu hazitolewi kila siku na huenda ukahitaji sahihi ya chifu, kwa hiyo uliza mapema. Sh3,000 weka kando za kununua bidhaa katika soko la Marikiti, na hiyo usiiguse hata mtoto akilia. Kibanda chako ndicho chupa yako ya mafuta. Inayobaki ni ya unga, na ya sadaka.

Ndiyo, sadaka toa. Sikuzuii kumtolea Mungu, naye amekulisha miaka yote hii. Lakini 2 Wakorintho 9:7 inasema kila mtu atoe kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni wala kwa kulazimishwa. Sh200 uliyoitoa kwa furaha ni sadaka. Sh18,000 uliyoitoa ukitetemeka, huku mtoto amekaa nyumbani, inaniumiza hata kuiandika.

Mkopo wa simu, mwambie baba watoto hapana. Riba yake itakula faida ya kibanda kabla hujaiona. Kama tayari mnao mmoja, mjue kwamba kanuni za Benki Kuu za 2022 zinamkataza mkopeshaji wa kidijitali kukutukana au kuwapigia jamaa na marafiki zako ili kukuaibisha. Lakini usibishane na mume wako juu ya imani. Mzee asiye na kazi tangu Januari anajiona hana thamani nyumbani mwake, na maneno kama "wewe huna imani" yatamkata zaidi. Mketi pamoja jioni, mpange hizi pesa wawili, yeye ndiye akupelekee hizo Sh8,000 kwa mwenye nyumba.

Na akina mama wa kanisa, chagua mmoja unayemwamini, umweleze yote, pamoja na kwamba mume wako anatafuta mjengo. Huenda shemeji yake ana kazi Ruai au Utawala na anahitaji fundi wiki hii.