Dini na sonona: yaliyonikuta baada ya kumzika mdogo wangu

Mleta uzi umesema tangu umzike mama una miezi saba hujaingia kanisani, usingizi hamna, na ndugu zako wanakwambia amani umeikosa kwa sababu umemwacha Mungu, sasa unauliza kama dini kweli inaleta nafuu au watu wanajifariji tu. Kwanza pole sana. Nakujibu kwa yaliyonikuta mwenyewe, ni marefu kidogo naomba uvumilie.

Mwaka 2018 mdogo wangu aliniomba pikipiki aende Dumila kuangalia mahindi yake. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya wanafunzi, hata kwenye kiti sikuinuka, nikamrushia ufunguo akaudaka akatoka. Jioni nikapigiwa na namba nisiyoijua, fuso imemgonga barabara ya Dodoma. Tukazika, matanga yakaisha, watu wakarudi kwao, mimi nikabaki na ule ufunguo kichwani, kila nikifumba macho naona naurusha. Na mimi nilikuwa mtu wa misa kila Jumapili, mpaka kwaya naimba, lakini ikawa tukifika kwenye Baba Yetu mdomo unagoma kabisa. Darasani naingia, nafundisha, natoka sijui nimefundisha nini.

Nikaenda kuungama, nikamwambia padre nimemuua ndugu yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, halafu akasema "mwanangu, hiyo siwezi kukuondolea kwa sababu sio dhambi, ulimpa ndugu yako usafiri. Hiyo ni huzuni, inataka watu, na huenda inataka na daktari." Nilikasirika kwa kweli, nilitaka nipewe malipizi nisali yaishe. Ila yeye ndiye alinisukuma mpaka kliniki ya afya ya akili, wakaniambia ni sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, nikaanzishiwa vidonge vyake vya amitriptyline usiku, na wakanionya kabisa kwamba nafuu inachukua wiki kadhaa.

Siku za mwanzo mdomo mkavu, asubuhi usingizi kama nimelewa, na huzuni iko palepale. Hapo ndipo jamaa yangu mmoja akanipeleka sehemu kuombewa. Sitataja wapi wala dhehebu gani, mambo haya yapo kote. Mtumishi akanishika kichwa akasema roho ya marehemu imenifunga na vile vidonge ni dalili ya kutoamini. Nikaviacha siku ileile, nikafunga siku tatu. Na kila wiki iliyopita bila kufunguliwa kosa likawa langu, mara imani ndogo, mara sadaka haitoshi, mara kuna kitu nimekificha. Yaani niliingia pale na mzigo wa mdogo wangu nikatoka na mwingine juu yake, kwamba hata Mungu hanitaki. Nikafika mahali naona bora nisiwepo.

Ilikuwa mwezi wa kumi, mwezi wa rozari, jumuiya, yaani vile vikundi vya waumini majirani, zinazunguka kusali nyumba kwa nyumba. Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu alipita kupanga zamu akamkuta mke wangu analia jikoni. Hakuuliza mengi. Alhamisi wakaja watu kumi na moja na mikeka yao. Nikamwambia mama mimi siwezi kusali. Akanijibu "nani kakwambia usali? Wewe kaa hapo, tutasali sisi." Nikakaa kwenye kigoda karibu na mlango, Salamu Maria zinapita moja baada ya nyingine, mtoto wa jirani kanilalia mapajani, mdomo sikufungua. Walipofika kwenye "raha ya milele umpe ee Bwana" wakamtaja mdogo wangu kwa jina, nikalia, na tangu mazishi nilikuwa sijalia. Wiki iliyofuata wakarudi wakati zamu sio yetu. Baba mmoja mwenye bajaji akawa ananipeleka kliniki ananisubiri nje, nikaanza dozi upya, pakiti anatunza mke wangu.

Baadaye nilivyopata nguvu nikaanza kusoma. Kuna utafiti wa Harvard wa 2016, waliwafuatilia manesi wanawake wa Marekani zaidi ya 74,000, wale wanaohudhuria ibada zaidi ya mara moja kwa wiki hatari yao ya kufa ilikuwa chini kwa 33% ukilinganisha na wasiohudhuria kabisa, na sehemu ya sababu waliyoiona ni kule kuwa na watu wa kukushika mkono. Ni wamarekani wale na sio sisi, ila nilipoisoma nikaikumbuka mikeka. Na kuna mwingine wa 2001, wagonjwa karibu 600 wa miaka 55 na kuendelea, huo ndio ulinikaa zaidi: waliokuwa wanaona Mungu amewatupa, au shetani ndiye kawaletea ugonjwa, walikuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kufa ndani ya miaka miwili. Sasa mtu anayemwambia mgonjwa "Mungu amekuacha" ajue anamwongezea nini.

Ndugu zako wakikusumbua wasomee Eliya, Wafalme wa Kwanza sura ya 19. Nabii mzima amekaa chini ya mti anaomba afe, na malaika hamkemei hata neno moja, anamwamshia mkate na maji, Eliya anakula analala tena, anaamshwa mara ya pili ale kwa sababu safari ni ndefu. Mahubiri hamna hapo. Na kama una hasira na Mungu, soma Zaburi ya 88, inaanza na kilio inaishia gizani, na bado ni sala, ipo kwenye Biblia.

Kwa hiyo mimi nafuu niliipata kwenye dini, tena kubwa, lakini ilikuja kipindi siwezi kusali, haikuwa malipo ya kusali vizuri. Kanisani utarudi ukiweza. Kwa sasa mtafute hata mtu mmoja wa kukaa na wewe, hospitali nenda kwa huo usingizi, na ukipewa dawa usiziache kwa neno la mtu yeyote, mimi nilipunguziwa na daktari mwenyewe taratibu mpaka 2020. Na kama yale mawazo ya kutokuwepo yanakujia usimalize usiku huu peke yako, mwambie mtu sasa hivi.

Ukiwa Morogoro nitumie ujumbe. Tunakutana Alhamisi saa kumi na mbili jioni, kusali sio lazima.