Wadogo zangu wa jenereta za tela, pimeni mzigo kwanza

Wiki hii nimeona tena jenereta ya kVA 200 (kipimo cha ukubwa wake) ikivutwa kwenda kuwasha mahema mawili, spika na friji chache. Nikauliza nani kapiga hesabu ya mzigo. "Kaka, tumechukua kubwa tuwe salama." Jibu hilo kila kundi jipya hunipa, na linaniuma kwa sababu najua linakoishia.

1. Kubwa si salama. kVA 200 kwa pawafakta (sehemu ya kVA inayofanya kazi kweli) ya 0.8 ni kW 160; mzigo wa kW 20 haufiki hata asilimia 13. Dizeli inataka joto. Ikikaa muda mrefu chini ya asilimia 30, mafuta hayaungui yote, ringi za pistoni hazibani vizuri, masizi na dizeli mbichi vinatafuta njia ya kutokea.

Kuna saiti ya barabara nililiona hili mwanzo hadi mwisho. Karakana ilihamishiwa kambi nyingine, mashine kubwa ikabaki na taa za ulinzi na kontena la ofisi, usiku na mchana. Ekzosi ikaanza kuchuruzika kitu cheusi kinachonata. Kijana wa zamu akawa anakifuta kila asubuhi kwa tambara, kwa moyo wake wote, akiamini anatunza mashine. Baadaye dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ikaonyesha oili imepanda. Akafurahi: mashine haili oili! Jamani, oili haizaliwi ndani ya injini. Ikipanda bila kuongezwa, kuna kitu kimeingia, na hapo ilikuwa dizeli iliyopita kwenye ringi na kuifanya oili nyepesi kama maji. Siku pampu kubwa za maji zilipounganishwa, mashine ikagonga, ikazima. Ilipofunguliwa, beringi zimekwisha na krenki imechubuka. Kijana akaondolewa kazini. Mpaka leo nasema hakutendewa haki, maana alikabidhiwa ufunguo na tambara, hakufundishwa kusoma dipstiki. Na tela la kVA 30 lingetosha kabisa pale.

Kwa hiyo lenga mzigo wa asilimia 60 hadi 80. Ukilazimika kukaa na mashine kubwa, ipe mzigo mzito wa kutosha kwa saa kadhaa mara kwa mara, hata kama ni wa hita.

2. Pampu inayowashwa moja kwa moja, bila kifaa cha kuianzisha taratibu, huvuta inapoanza mara 5 hadi 7 ya ampea zake za kawaida. Iwashe kwanza, vingine vifuate.

3. Pitisha klampmita (kipimo cha ampea kinachobana waya) kwenye kila fezi, yaani kila waya wa moto, gawanya mzigo sawasawa, halafu kaza nyutro, waya wa kurudishia umeme, kwa mkono wako mwenyewe. Nyutro ikiachia, friji ya volti 230 inaweza kupokea karibu 400, na mwenye friji hatataka kusikia habari za fezi.

4. Badilisha oili na filta kila saa 250 za mita ya saa za kazi, isipokuwa kitabu cha mashine kikisema vinginevyo. Maji kwenye sepereta, chombo kinachotenga maji na dizeli, yatolewe kila asubuhi. Kabla ya kuzima, toa mzigo na uiache ingurume dakika 5, tabo (feni inayosukuma hewa ndani ya injini) ipoe.

5. Tela lisimame usawa, jeki zishushwe, magurudumu yawekewe vigingi. Likiwa limeinama, dipstiki inakudanganya, na mmeshaona dipstiki ilivyotugharimu.

6. Hili sitaki mzaha nalo. Usiunge jenereta kwenye jengo lisilo na chenjiova, swichi inayotenga jenereta na umeme wa laini. Umeme wako utarudi kwenye laini, transfoma itaupandisha hadi volti 11,000 au 33,000, na juu ya nguzo kuna fundi wa TANESCO anayeamini laini imekatwa. Mwenye sherehe akikuharakisha, mwambie asubiri chenjiova ifungwe. Akikataa, funga nyaya zako, vuta tela, ondoka.