Unataka kufuatilia watoto wakikua? Hesabu nauli kwanza

Msimu wa proposali ukifika, wadogo zangu wa chuo hapa Kisumu wananipigia simu na karibu wote wanataka kitu kimoja, kufuatilia watoto wakikua, yaani kuwapima walewale mwaka baada ya mwaka. Sawa, lakini wewe una semesta moja na pesa ya boda tu. Pima watoto wa miaka minne, sita na minane kwa mpigo mmoja, umalize, hakuna atakayekupotea.

Hapo tu usiandike eti umeona watoto "wakibadilika". Hujaona. Ukipima kumbukumbu ya nyanya wa miaka 65 kule Kondele na ya mjukuu wa 25, huyo mjukuu alianza shule baada ya elimu ya bure ya 2003, nyanya huenda aliachia darasa la tatu, sasa utajuaje ni uzee au ni shule? Kule Embu watafiti walipima akili ya watoto wa miaka kama saba mwaka 1984, wakarudi 1998 wakapima wengine wa umri huohuo, na alama zilikuwa zimepanda sana, umri ni uleule ila kizazi ni kingine.

Kufuatilia watoto walewale kunakuonyesha nani alibadilika na lini, hilo silikatai, ila nimefanya hiyo kazi ya fildi na maswali ndiyo rahisi, kumpata mtu ndiyo kazi. Unarudi baada ya mwaka laini imezimwa, nyumba ya Nyalenda ina mpangaji mwingine, jirani anakwambia "walienda ushago", ushago gani, hajui. Kwa hivyo siku ya kwanza chukua namba ya nyanya, ya jirani na ya mtu wa kanisa lao, na uandike jina ambalo mtoto anaitwa mtaani maana lile la cheti hakuna anayelijua. Halafu wanaopotea si watu wowote tu, mara nyingi ni wale kodi imewashinda, so ukibaki na waliobaki matokeo yako yatakuwa matamu kuliko hali ilivyo. Na mtoto akiona picha zilezile za kipimo chako mara ya tatu anajibu kabla hujauliza (na ameshamfundisha mdogo wake).

Mradi wa dawa za minyoo Busia ulianza 1998 na shule 75, shule zikapewa dawa kwa zamu, zilizopata zikalinganishwa na zilizokuwa zinasubiri, ndiyo maana waliweza kusema dawa ndiyo ilileta tofauti. Wanafunzi hao wakafuatwa hadi utu uzima, hata waliohamia Nairobi na Uganda. Hiyo ni pesa ya wafadhili, si ya HELB, ule mkopo wa wanafunzi.

Kama uko mastaz na una mwaka mzima, changanya: chukua PP1 na PP2 (madarasa mawili ya chekechea) Januari, wapime tena Januari ijayo. Wale wa PP1 sasa watakuwa na umri wa PP2 wa mwaka jana, walinganishe uone kama ni umri au ni kundi. Mwanasaikolojia Schaie alifanya hivyo na watu wazima Seattle, Marekani, kuanzia 1956, kila miaka saba anaongeza kundi jipya. Leseni ya utafiti ya NACOSTI, ile tume ya serikali, uihuishe mapema, ni ya mwaka mmoja na hiyo raundi ya pili itakukuta imeisha.