Kwa mnaoanza kufuatilia maambukizi ya hospitalini

Ndugu mnaopangiwa kwa mara ya kwanza kitengo cha kinga na udhibiti wa maambukizi, zoeeni mapema kuwahesabu hata wagonjwa wasio na tatizo lolote. Ukiambiwa akina mama wanne wametoka usaha kwenye mshono baada ya kujifungua kwa upasuaji, huwezi kusema ni wengi au wachache mpaka ujue waliopasuliwa mwezi huo walikuwa wangapi. Kwa mpira wa mkojo huhesabiwa siku ambazo wagonjwa wamekaa nao, na kiwango hutolewa kwa kila siku 1,000 za mpira. Kwa hiyo pita wodini kila siku saa ile ile, na unapoandika, muulize muuguzi wa zamu kila mgonjwa bado anauhitaji kwa sababu gani. Mingi hutolewa papo hapo.

Maambukizi yanayojitokeza baada ya saa 48 tangu kulazwa ndiyo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya hospitalini, lakini kidonda cha upasuaji hufuatiliwa kwa siku 30, na hadi 90 kwa baadhi ya upasuaji unaoacha kifaa mwilini, kama vyuma vya kuunga mfupa. Hapo ndipo takwimu nyingi hudanganya. Mama huruhusiwa baada ya siku chache, mshono ukavimba akiwa nyumbani, akaenda zahanati ya jirani, na faili lake kwenu likabaki safi. Kabla hajaondoka, chukua namba yake na ya mtu anayeshinda naye, kwa kuwa simu ya mume mara nyingi iko kazini pamoja na mume. Ukimuuliza kama ana maambukizi atajibu hapana kwa adabu. Muulize kama kanga inaloa pale kwenye mshono, na kama kuna harufu.

Simu hizo zitapandisha idadi, hivyo mweleze mganga mfawidhi mapema, asije akadhani wodi imeharibika ghafla.

Someni pia fomu za nusukaputi. Dawa ya kuzuia maambukizi hutakiwa kutolewa ndani ya dakika 120 kabla ya ngozi kukatwa. Ukikuta kila faili limeandikwa kwamba ilitolewa nusu saa kamili kabla, kwa mwandiko na kalamu ile ile, fahamu kwamba fomu zilijazwa kwa mkupuo mwisho wa zamu, na uanze kwenda mwenyewe chumba cha upasuaji asubuhi, ukiwa na saa mkononi.